Baraza Tano za Baba

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni haya kusema. Hutembea kama mtu aliyeacha chungu motoni, na mara nyingi huwa nimekiacha kweli. Baba yangu, katika miaka yake miwili ya mwisho, alikuwa mtu wa kusimama. Yeye na mimi tuligombana kwa ajili hiyo karibu kila siku, na kila nikikumbuka ugomvi huo natamani ulimi wangu ungekatika.

Tulikuwa tukiishi wawili ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya matumbawe aliyoirithi kwa babake. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ndoa yangu ilivunjika mapema, bila mtoto, nikarudi nyumbani nikakuta jiko halina mwenyewe, nikalichukua. Kaka yangu, ambaye ananipita kwa miaka sita, ana kazi bandarini, na mke na watoto katika fleti huko Ganjoni. Siku hizo alikuwa akija Ijumaa baada ya sala, anakula, anaiangalia simu yake mara tatu, anaondoka kabla chai haijaiva. Watu wa mtaani walimjua kwa kisogo chake.

Baba alikuwa fundi wa kupiga lipu. Nusu ya kuta za mtaa wetu zimepita mkononi mwake, kwa chokaa na mchanga, na kwa maneno makali aliyowatupia waliotaka kuzipaka saruji. Alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya macho, lakini mkono haukuacha. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajaketi, hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Pale ambapo sauti ilitoka wazi, kama ngoma, alijua lipu imeachana na jiwe. "Ukuta huu wafura," husema, na mwenye nyumba, ambaye ndiyo kwanza ametia rangi ya Idi, hununa. Nami nilikuwa nikimvuta kanzu, nikimwambia, "Baba, tumekuja kula, hatukuja kukagua."

Kila siku baada ya alasiri alikwenda Ndia Kuu kunywa kahawa na rafiki yake mmoja mwenye duka la vinyago na masanduku. Kutoka kwetu si mbali. Mtu kama mimi hufika kabla hajamaliza kutafuna bajia moja. Lakini mtoto wa jicho alikuwa amemtanda baba macho yote mawili, na vichochoro vyetu vina ngazi na mifereji na pikipiki zinazochomoza bila salamu, kwa hiyo nilikuwa nikimshika mkono hadi dukani, nikarudi jikoni, na kabla ya magharibi nikaenda kumchukua.

Mwanzoni alikuwa akisimama mahali pamoja tu, barazani kwa fundi cherehani, ambaye alisoma naye Kurani chuoni utotoni. Hilo lilikuwa haki. Baada ya miezi michache akaongeza baraza ya pili, ya mama mmoja auzaye viazi karai. Kisha ya tatu, kwa watu ambao sikuwahi hata kujua kwamba anawajua. Kufikia mwisho zilikuwa tano. Na haikuwa salamu ya kupita. Alisimama, akautia mkono wake wa kulia katika mkono wa mwenziwe na kuuacha humo, na wa kushoto akauegemeza ukutani, akiugonga gonga polepole.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Wewe waonaje?"

"Twashukuru. Na wa nyumbani?"

"Wote hawajambo, wakusalimu."

"Na yule kijana wako aliyeko Malindi? Na mguu wa mkeo? Na yule paka?"

Paka! Mimi nimesimama hapo na kikapu mkononi, nachemka. Sima ya mtu inaungua, mzee anauliza hali ya paka. Nilikuwa nikimbana mkono kidogo, kumwashiria twende. Naye alikuwa akiniambia, bila kugeuka, "Ngoja, mamangu. Mtu hapitwi kama nguzo."

Sitasema uongo, nilikuwa pia nikijivunia. Wanawake waliniambia, "Babako ana adabu za zamani. Hawa wa leo hupita kama mbuzi." Na kweli watu walimpenda. Mama wa viazi karai alimwekea kigoda kidogo. Fundi cherehani akasema kwamba tangu baba aanze kuketi naye kila siku amepona upweke. Mtaa mzima uliona mzee amezidi ukarimu kadiri umri ulivyosogea, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitazama jambo hilo kwa jicho jingine. Kwetu sisi mtu akisimama kukujulia hali haulizwi kwa nini amesimama. Kumuuliza ndiko kukosa adabu.

Siku ya kwenda kwa daktari wa macho, kichochoro chetu kilikuwa kimechimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, na tuktuk haikuweza kuingia. Ilibidi twende kwa miguu hadi Ndia Kuu. Tulikuwa tumechelewa, na kuchelewa kwangu ni kama kuumwa na siafu. Nikamshika baba kwapani nikamwambia, "Leo salamu za mbali. Hatusimami kwa mtu."

"Hata kwa fundi?"

"Hata kwa fundi."

Akatii. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo, kwamba alinitii. Tukapita baraza ya kwanza, akainua mkono. Tukapita ya pili, akainua mkono. Fundi cherehani alivua miwani akatutazama kama aliyeona maiti ikitembea. Kwenye baraza ya nne baba hakuinua mkono tena. Mkono wake ulikuwa mzito katika wangu, nami nikadhani amenuna, nikazidi kukaza mwendo. Tulipotokea Ndia Kuu akaniponyoka, akajiketisha kwenye kizingiti cha duka la vinyago, katikati ya twiga wa mbao, na jasho linamtoka hadi kwenye ukosi wa kanzu. Uso ulikuwa na rangi ya jivu.

"Ni kiungulia," akasema. "Ni yale mahamri."

"Nilikwambia usile manne," nikamjibu. Nikamnunulia soda ya tangawizi. Akanywa kidogo kidogo, akapumua, na baada ya dakika chache rangi ikamrudi. Nikamcheka. Tukapanda tuktuk.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole. Alimwangalia baba kwa taa zake, akasema mtoto wa jicho ameshaiva na atatolewa. Kisha akazima taa, akasogea karibu, akamgusa kwa ncha ya kidole pembeni mwa macho, karibu na pua, pale baba alipokuwa na vijivimbe viwili vya rangi ya manjano. Vilikuwepo miaka mingi. Mama alikuwa akisema ni dalili ya mtu mwenye bahati.

"Haya ni mafuta chini ya ngozi," akasema daktari. "Mara nyingine hutuambia kwamba yako na kwingineko. Mzee, huwa unaumwa kifua ukitembea? Au miguu? Huwa unalazimika kusimama?"

Baba akafungua kinywa. Namwona mpaka sasa, midomo imeachana kidogo na sauti iko njiani. Mimi nikamtangulia.

"Huyu, daktari? Huyu akisimama ni kwa salamu. Kutoka nyumbani hadi barabarani ana baraza tano. Mji mzima rafiki zake."

Daktari akacheka, nami nikacheka. Baba akatutazama kwa zamu, akafunga kinywa, kisha akacheka na yeye. Daktari hata hivyo aliandika barua, tukapime mafuta katika damu na tukaonane na daktari wa moyo. Niliikunja nikaitia mkobani. Nikajiambia tumalize la macho kwanza. Jambo moja moja. Mtu wa haraka kama mimi, siku hiyo ndiyo niliyochagua kwenda polepole.

Wiki ya tatu baada ya hapo, asubuhi baada ya chai, baba aliketi kwenye ngazi ya nyumba na hakuweza kuinuka. Alisema mkono wa kushoto na taya vinamlemea. Nilimpigia kaka, majirani wakambeba hadi mdomo wa kichochoro, na kabla ya adhuhuri alikuwa kitandani hospitalini, amebandikwa nyaya.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo kutoka bara, na msalaba mdogo shingoni. Kabla ya kugusa faili alisema, "Shikamoo, mzee," akangoja aitikiwe. Baba akampenda papo hapo. Alituketisha mimi na kaka kando ya kitanda, akasema hatamficha mgonjwa ugonjwa wake.

Mimi nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mafuta huganda ndani ya mshipa kama kwenye bomba la sinki. Akasema sivyo. Mshipa unaopeleka damu una ukuta, na ukuta huo kwa ndani umetandikwa utando mwembamba, laini. Presha ya damu ikiwa juu miaka na miaka, au sigara, au sukari, utando huo hudhoofika, na mafuta yaliyozidi katika damu hupenya chini yake. Hayagandi juu yake. Huingia ukutani. Mwili hupeleka chembe zake nyeupe za ulinzi kuyala, nazo hula hadi kuvimbiwa, zikafia humo humo. Inabaki tope laini la mafuta na mizoga, na juu yake mwili huweka kovu ili kulizuia.

"Na hilo huchukua muda gani?" kaka akauliza, akiangalia saa.

"Pengine lilianza alipokuwa kijana kuliko wewe," akasema daktari. Akaeleza kwamba mwanzo ukuta huvimba kwa upande wa nje, njia ya damu ikabaki pana, na mtu asihisi kitu miaka mingi. Halafu huanza kuvimba kwa ndani. Mtu akiketi, damu inayopita inamtosha. Akitembea, moyo hutaka zaidi na zaidi haipiti, basi huuma. Akisimama huacha. Siku moja lile kovu hupasuka, damu huganda hapo kwa kudhani kuna kidonda cha kuzibwa, na njia huziba yote kwa dakika chache.

Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema, "Kumbe ni munyu."

Daktari akaniangalia. Baba akaendelea, kwa sauti ile ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi. "Ukuta wa mawe hunywa maji ya chumvi. Wewe kwa nde, kwa juu, waona rangi yang'ara. Munyu u nyuma ya lipu, wafura, wafura, kimya. Ukigonga ndipo ujue. Usipogonga, siku moja yaanguka yote sakafuni, na watu wasema imeanguka leo."

"Ndivyo hasa, mzee," akasema daktari. "Sijawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo."

Uso wa baba ukang'aa. Alisifiwa kazi yake hata akiwa katika hali ile. Mimi nilitoka nje nikalilia ukutani, kwa sababu nilikuwa nikikumbuka samli. Miaka minane nilimpikia kwa samli, wali, mikate, maharagwe, kila kitu, kama mama alivyompikia, na kila alipolamba vidole niliridhika. Mimi si mtu wa maneno matamu. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia nampenda.

Baba aliniambia ukweli siku ya pili yake, tulipokuwa wawili. Kaka alikuwa ameenda kazini. Nilikuwa nikimpaka mafuta miguu, nikauona mguu wa kushoto baridi na vinyweleo vimeisha, nikamuuliza tangu lini.

"Zamani," akasema. "Mguu ulianza kabla ya kifua. Nikitembea kidogo wakaza kama umefungwa kamba. Nikisimama wafunguka."

Nikaacha kupaka.

"Zile baraza, baba?"

Akajivutia shuka mguuni. "Ya fundi ilikuwa ya mapenzi. Hizo nyingine nalikuwa nangoja maumivu yapite."

"Na kuuliza habari za paka?"

"Siku ile yalikawia kupita."

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha sikuweza kuendelea. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mtu mzima akisimama ndiani bure, watu huulizana ana nini, wakaanza kumhurumia, wakamletea kiti, wakamwambia mwanawe amfungie nyumbani. Lakini akisimama kumjulia hali mwenziwe, hana neno. Aliona haya. Mkono ule aliouegemeza ukutani haukuwa ukikagua lipu ya mtu. Ulikuwa ukimshikilia asianguke.

"Nalitaka kusema siku ile, kwa daktari wa mato," akasema. "Nawe ukanitangulia."

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama mtu anayekumbushia mvua ya jana. Afadhali angenilaumu.

Alifariki siku ya nne, baada ya adhuhuri, kaka amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Baadaye nilimfuata yule daktari kwenye korido nikamuuliza jambo moja, kama ule mwendo niliomkokota bila kumsimamisha ndio uliompasua. Akasema kovu halina siku yake, ugonjwa ulijengeka miaka arobaini, na mimi nisijibebeshe. Akaniambia kwamba kama baba angefika mapema kungekuwa na dawa za kujaribu, na wakati mwingine waya mdogo wa kuitanua njia. Hilo la pili alilisema akitazama sakafu. Barua ya daktari wa macho ingali mkobani mwangu, imekunjika vile vile, na kila nikitafuta funguo huishika.

Siku za matanga wanaume waliketi kwenye baraza zile zile tano, maana nyumba haikutosha. Kila aliyekuja kutoa pole alisema maneno yale yale, kwamba hakuna aliyewahi kupitwa na marehemu bila salamu. Mama wa viazi karai alinionyesha kile kigoda, akalia akisema hakuna tena atakayekikalia. Nilikuwa na kitu cha kumwambia nikakimeza. Baba alikuwa amekificha kwa watu wote, sikuona haki yangu kukitandaza siku ya tatu ya kifo chake. Basi nikaitikia tu, "Ndiyo, alikuwa na adabu," na ilikuwa kweli pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Samli niliiacha. Ijumaa kaka alikula wali wangu wa mafuta kidogo, akasema mkono wangu umeharibika. Nilimwambia akapime damu, ni mwana wa baba yule. Akasema atakwenda, ana kazi nyingi, mwezi ujao. Nikamwambia tena na tena. Kila mwezi ulikuwa na mwezi wake ujao.

Kisha akaanza kuchelewa kufika. Tuktuk humshusha Ndia Kuu, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache tu. Mimi nilidhani ni kazi. Hadi Ijumaa moja, muda mfupi baada ya Ramadhani, nilipotoka kununua ndimu, fundi cherehani akaniita kwa furaha akaniambia, "Kaka yako amekuwa mtu! Wiki iliyopita aliketi nami hapa, na leo nimemwona yuwazungumza na mama wa viazi. Alikuwa hatusalimu hata kwa kope. Babake amemwingia."

Niliuacha mfuko wa ndimu hapo barazani kwake. Chungu kilikuwa motoni, na sikukikumbuka.

Nilimkuta kaka kwenye baraza ya mama wa viazi karai. Alikuwa amesimama, mkono wake wa kulia uko ndani ya mkono wa yule mama, wa kushoto umeegemea ukuta. Alikuwa akimuuliza habari za magoti yake. Kaka yangu, ambaye hajui hata siku za kuzaliwa za wanawe, akiuliza habari za magoti. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake, na kivulini ndiko alikosimama.

"Ah, dada," akasema. "Nasalimia kidogo. Tangulia, naja."

Mama wa viazi karai akanitazama kwa macho ya furaha, akangoja nami nicheke. Nilikishika kile kigoda, nikakivuta, nikakiweka nyuma ya miguu ya kaka yangu.

"Keti," nikamwambia. "Sina haraka. Niambie wapi panauma."

Akataka kucheka, akakuta sicheki. Akaketi. Akautoa mkono ukutani, akaufungua, akauweka katikati ya kifua.

"Hapa," akasema. "Tangu kabla ya Ramadhani."